Dirisha la karibu nusu mita: shajara ya kuba la akriliki la nyambizi yetu, Kigoma

Hii ni shajara ya dirisha peke yake, kuba la akriliki, yaani plastiki ngumu angavu kama kioo. Mwili wa chuma, betri, matangi ya kuelea na mota vina daftari lao. Dirisha nimelitenga kwa sababu limenila miezi minane na fedha nyingi kuliko nilivyotarajia, na kwa sababu mtu wa Kalema, Mwanza au popote penye maji anaweza kulirudia hata kama nyambizi yake haifanani na yetu.

Mimi na mdogo wangu tunachomelea maboti na matangi hapa Mwanga. Nyambizi yetu ni ya watu wawili na ina kazi moja: kukaa mita 10 chini, kando ya miamba ya upande wa Bangwe na Katonga, na kutazama samaki. Ziwa Tanganyika lina mamia ya aina za sikilidi (jamii ya samaki), wengi wao hawapatikani popote pengine duniani, na wengi huishi kwenye mawe ya kina kifupi ambako mwanga wa jua unafika. Watu wa Ulaya wanawafuga sebuleni kwenye matangi ya vioo. Watoto wa Kibirizi wengi hawajawahi kuwaona wakiwa hai, wakichimba mchanga na kulinda vifaranga wao. Ndiyo maana sikutaka tundu la kuchungulia. Nilitaka dirisha ambalo watu wawili wanaweza kuelekeza nyuso zao kwa pamoja.

10 Februari 2024. Hesabu ya kwanza

Mita 10 za maji baridi zinakandamiza kwa megapaskali 0.098, yaani karibu bar moja. Ukisikia bar moja unaona ni kidogo. Lakini kwenye tundu la kipenyo cha sentimita 50, mkandamizo huo ni karibu tani 2. Ni kama kuegesha gari dogo la mizigo juu ya dirisha.

Nilianza na dirisha bapa kwa sababu ndilo rahisi kukata. Kwa sahani ya duara iliyokalia ukingo wake, mkazo mkubwa (nguvu inayobebwa na kila sehemu ndogo ya akriliki) uko katikati. Kwa akriliki ni takriban 1.26 mara mgandamizo, mara mraba wa (nusu kipenyo gawanya kwa unene). Akriliki ya milimita 20 inanipa megapaskali 19, na katikati inabonyea karibu sentimita moja. Kwenye karatasi za kiwanda utasoma kwamba akriliki hukatika kwenye megapaskali 70 hivi, ukadhani 19 ni salama. Si salama. Ile 70 ni ya kuvuta kipande kipya mara moja, kwa dakika chache. Akriliki inayobeba mzigo kwa saa nyingi, siku baada ya siku, inalegea polepole na kuota mipasuko myembamba kama nywele kwenye mkazo mdogo zaidi. Nimejiwekea kikomo cha megapaskali 5.

Kanuni za ASME PVHO-1, ambazo Wamarekani wanazitumia kwa madirisha ya vyombo vinavyobeba watu, hazikubali dirisha bapa lenye unene chini ya sehemu moja ya nane ya tundu. Kwangu mimi hiyo ni milimita 62 na zaidi. Nilipiga simu Dar es Salaam kwa wauzaji watano. Wengi wao wanahudumia watengenezaji wa mabango. Unene mkubwa waliokuwa nao ni milimita 20. Kuagiza ya 62 kutoka nje kungemeza bajeti ya nyambizi nzima.

Njia iliyobaki ni umbo. Ukiukunja ubao uleule wa akriliki ukawa kuba, mgongo wake ukielekea majini, maji hayaukunji tena, yanausukuma ujikaze wenyewe, kama yai unapolibana kwa viganja. Mkazo unakuwa mgandamizo mara nusu kipenyo cha tufe, gawanya kwa mara mbili ya unene. Kuba la milimita 10 kwenye tufe la nusu kipenyo cha milimita 312 linabeba megapaskali 1.5 tu. Unene ni nusu ya ule wa milimita 20, na mkazo umeshuka mara kumi na mbili.

Nimechagua kuba la kina kifupi, urefu sentimita 12.5 juu ya tundu la 50, badala ya nusu tufe kamili. Sababu ni hii: ukipuliza ubao uwe nusu tufe, eneo lake linakuwa mara mbili, kwa hiyo unene wa wastani unabaki nusu, na kileleni unakuwa chini ya hapo. Kuba fupi linaongeza eneo kwa robo tu.

2 Machi. Ubao usio sahihi

Nilinunua nusu ubao wa milimita 10, mita 1.22 kwa 1.22, kwa shilingi 310,000. Muuzaji aliniambia ni akriliki ya kumiminwa. Haikuwa. Ilikuwa ya kusindikwa, ile inayosukumwa kutoka kwenye mashine kama tambi. Kwa bango zote mbili ni sawa. Kwa kazi hii ya kusindikwa ni hasara, kwa sababu imehifadhi mvutano wa mashine ndani yake, inajikunja upande mmoja ikipashwa joto, na inaota nywele mapema ikiguswa na kemikali.

Jinsi ya kutambua kabla hujalipa fedha yote: omba kipande cha sentimita 10 kwa 10, chora msalaba kwa penseli, kiweke kwenye oveni ya nyuzi 160 kwa dakika ishirini. Nilitumia oveni ya mama mmoja jirani anayeoka mikate, na nikamlipa kwa kumtengenezea bawaba za mlango. Kipande changu kilitoka sentimita 9.4 kwa 10.2, na kimenenepa. Kipande cha kumiminwa nilichopata baadaye kilipungua sawasawa pande zote, 9.8 kwa 9.8. Dalili nyingine ni unene wenyewe. Akriliki ya kumiminwa inapishana pembe kwa pembe, hapa 9.6, pale 10.3. Ukipima kila mahali ukapata 10.0 tupu, jihadhari.

Fedha ile imekwenda. Nimenunua nusu ubao mwingine, wa kumiminwa kweli, kwa 340,000, na nauli yake kuja Kigoma 25,000. Unatoa vipande vinne vya sentimita 61.

23 Machi. Tanuri

Matofali ya kuchoma, bati, koili nne za jiko la umeme, sufi ya kuzuia joto. Jumla 285,000. Mkaa nimeukataa tangu mwanzo, maana mvuke wa akriliki iliyopashwa unashika moto, na mwali wa wazi hauongozeki.

Tatizo lilikuwa joto lisilo sawa. Kipimo kilisoma nyuzi 165 juu na 143 chini. Kuba lililopashwa hivyo linavimba upande mmoja kama shavu lenye jino bovu. Nimeweka panga la feni ndani, mota yake nje, mhimili ukipita ukutani. Sasa tofauti ni nyuzi 4.

14 Aprili. Kuba la kwanza: mapovu

Ubao unabanwa kati ya pete mbili za chuma zenye tundu la sentimita 50, unapashwa hadi nyuzi 160 mpaka unalegea kama chapati mbichi, halafu hewa inaingia kwa chini. Hewa tunaipata kwenye kompresa ya fundi pancha wa jirani, kupitia vali ya kupunguza. Haikufika nusu ya bar. Hata hivyo, kwa 0.4 ya bar pete ile inasukumwa juu kwa kilo 800, kwa hiyo bolti za pete ziwe ishirini na zaidi. Usiweke nane kama nilivyotaka mimi mwanzoni. Uzi uliofungwa kwa kimo cha sentimita 12.5 unatuambia lini tufunge vali.

Kuba lilipanda vizuri, lakini ndani yake kulikuwa na mapovu madogo yasiyo na idadi. Akriliki inanyonya unyevu wa hewani, na Aprili hapa ni mvua. Maji yaliyojificha yakageuka mvuke. Aidha, hewa baridi ya kompresa ilipiga katikati moja kwa moja ikaacha kovu la duara, na ukitazama kupitia hapo kila kitu kinapinda.

Marekebisho yote mawili ni rahisi ukishajua. Kausha ubao kwa saa 24 kwenye nyuzi 75 hadi 80, karatasi zake za kinga zikiwa zimetolewa, kabla ya kuupandisha. Na mbele ya tundu la hewa weka bati dogo ili hewa igonge hapo kwanza na kutawanyika.

28 Aprili. Kuba la pili, na umeme kukatika

Halikuwa na povu hata moja. Tulilibana hadi likapoa, tukapima unene kwa kulitoboa kipande cha pembeni na kwa kulinganisha kimo cha ndani na cha nje: kileleni milimita 7.2, karibu na ukingo 9.5.

Kisha tukalipumzisha. Kupumzisha ni kurudisha akriliki kwenye nyuzi 80 kwa saa kadhaa, halafu kuishusha polepole sana, ili mvutano uliobaki ndani uondoke. Saa ya nne umeme ukakatika, mdogo wangu akafungua mlango kuona kulikoni, na upepo wa jioni ukaingia. Kwa macho kuba lilikuwa zima kabisa.

Hapa ndipo nilipofurahia chombo cha bei rahisi kuliko vyote katika mradi huu. Skrini ya kompyuta mpakato inatoa mwanga uliopangwa upande mmoja. Fungua ukurasa mweupe, weka kuba mbele ya skrini, vaa miwani ya jua ya polaroidi (mtumba, shilingi 15,000), na uizungushe mpaka skrini iwe nyeusi. Kila mahali penye mvutano ndani ya akriliki patawaka rangi kama za mafuta juu ya dimbwi. Kuba langu liliwaka upinde wa mvua mzima upande uliokuwa mlangoni. Tulilirudisha tanurini kesho yake, saa sita kwenye nyuzi 80, kisha koili zikazimwa moja moja hadi alfajiri, mlango umefungwa kwa waya ili asiwepo wa kuufungua. Rangi zilipotea, ikabaki kivuli cha kijivu.

Tangu siku hiyo hakuna kipande kinachotoka kwetu bila kupita mbele ya skrini.

11 Mei. Bolti kumi na mbili

Hili ni kosa kubwa kuliko yote, na niliambiwa nikakataa. Kuba lilikuwa na ukingo bapa kuzunguka, kama ukingo wa kofia. Nilitoboa matundu 12 kwenye ukingo huo, nikaufunga kwenye pete ya chuma kwa bolti, nikakaza sawasawa. Halikuingia majini hata siku moja. Liliegeshwa nje ya karakana, na siku ya tatu saa nane mchana tukasikia mlio kama kijiti kikavu. Ufa umetoka kwenye tundu moja hadi jingine. Hadi jioni matundu manne yalikuwa yamepasuka.

Akriliki inatanuka kwa joto karibu mara sita ya chuma. Ukingo wa sentimita 60 ukipata joto la nyuzi 20 zaidi, akriliki inataka nafasi ya milimita 0.84 na chuma 0.14. Tofauti ni kama unene wa kadi ya simu. Bolti zilizokazwa haziiruhusu iende popote, na tundu lililotobolewa kwa keekee lina mikwaruzo ambayo ufa unaanzia.

Dirisha la akriliki halitobolewi. Linakalishwa, na pete ya juu inalizuia lisianguke tu, ikiliachia nafasi ya kupumua. Nimeandika sentensi hiyo kwa chaki ukutani.

2 Juni. Tina

Kuba la tatu liliharibika bila sisi kuligusa. Kijana aliyekuwa akipaka rangi pete alipangusa matone yaliyorukia kwenye akriliki kwa kitambaa chenye tina. Baada ya saa moja eneo lile lilikuwa na ukungu, na ukilitazama kwa pembe unaona nywele elfu. Sikumlaumu, sikuwa nimemwambia. Petroli, tina, asetoni na spiriti ni sumu kwa akriliki, hasa ikiwa tayari ina mzigo. Tunaosha kwa maji na sabuni ya mche isiyo kali, kwa kitambaa laini cha pamba. Na kazi yote ya rangi inamalizika na kukauka kabla dirisha halijatoka kwenye kabati.

22 Juni. Kuzamisha kwa mara ya kwanza

Ziwa limefungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa hiyo kipe cha mjomba, boti lake la uvuvi, kiko bure, naye ana muda. Tulitengeneza sanduku la chuma la duara, dirisha juu, mawe ndani, hewa kavu. Hakuna mtu ndani yake, na hatakuwepo mtu nyuma ya dirisha la aina yoyote mpaka pacha wake awe amefika chini mara kadhaa ya kina cha kazi. Baada ya ajali ya nyambizi ya Titan ya Juni 2023, iliyoua watu watano, mama yetu aliniuliza swali moja: "Mwanangu, hicho kioo nani amekipima?" Ndiyo sababu ya sanduku.

Kupima jinsi kuba linavyobonyea tulitumia kijiti cha mshikaki ndani ya mrija wa soda, kimesimama sakafuni mwa sanduku, ncha ikigusa kilele cha kuba kwa ndani. Kuba likishuka linakisukuma, na msuguano wa mrija unakiacha pale kilipofika. Ukifungua sanduku unasoma kina cha juu kabisa cha mbonyeo.

Kuba la nne, la ukingo bapa bila matundu, likibanwa na pete na gasketi. Mita 20, saa nzima: kavu, kijiti kimeshuka chini ya milimita moja. Mjomba akasema tumshukuru Mungu twende nyumbani. Nilitaka kujua mwisho wake. Kwenye mita 38 kamba ikashtuka na kuvuta. Sanduku lililojaa maji ghafla lilikuwa zito kwa kilo 120 zaidi, na kipe kililala ubavu kiasi cha kutisha. Anayenifuata: funga kamba kwenye boya kubwa la mapipa, usiifunge kwenye boti lenye watu. Sisi tulifanya hivyo kuanzia safari ya pili.

Nilitarajia kilele, sehemu nyembamba kuliko zote, ndicho kitakuwa kimevunjika. Kilele kilitoka kizima, kama bakuli. Ufa ulizunguka palepale kuba linapokutana na ukingo bapa. Kuba likisukumwa chini, mguu wake unataka kutanuka kwenda nje, ukingo umebanwa hauendi, na kona ile inakunjwa kama waya unaokunjwa ili ukatike. Nilikuwa nimemaliza nguvu zangu zote kwenye unene wa katikati na dirisha lilikuwa likifia ukingoni.

6 Julai. Kikalio

Wiki mbili za kuchora. Auguste Piccard, mwanafizikia Mswisi aliyebuni vyombo vya kuzama, alikutana na jambo hili zamani. Madirisha ya Trieste, chombo chake kilichofika chini kabisa ya Challenger Deep, shimo lenye kina kuliko yote baharini, tarehe 23 Januari 1960, yalikuwa akriliki iliyochongwa kama koni iliyokatwa ncha, pana upande wa maji, na maji yenyewe yaliyasukuma yakae vizuri zaidi kwenye kikalio. Jerry Stachiw, mhandisi wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, alitumia maisha yake kuvunja madirisha ya akriliki ili kanuni ziandikwe. Chombo cha jeshi hilo kiitwacho NEMO, tufe zima la akriliki, kilijengwa kwa vipande 12 vya pembe tano vilivyopindwa kutoka kwenye mbao bapa za unene wa inchi 2.5. Walipinda ubao bapa kwa joto, kama sisi.

Kwa hiyo ukingo bapa umekatwa wote. Kuba sasa linaishia kwenye mkato wa mshazari unaoelekea kitovu cha tufe, na pete ya chuma ina mshazari uleule. Msukumo wa kuba unaingia kwenye chuma moja kwa moja, bila kona. Tundu limepungua hadi sentimita 46. Hizo sentimita nne zimeniuma, lakini nimezitoa.

Na unene umeongezwa. Kuba la milimita 7.2 kileleni lina hatari ya pili, kubonyea ghafla kwa ndani kama kopo. Hesabu ya vitabu inasema litastahimili karibu megapaskali 2, lakini kuba la kweli lisilo duara kamili unalihesabia sehemu ya tano ya hiyo, na akriliki inayolegea kwa mzigo wa muda mrefu unaigawa tena kwa mbili. Inabaki mita 20. Kwa kazi ya mita 10 akiba hiyo haitoshi kwa mtu ninayempenda. Nusu ubao wa kumiminwa wa milimita 15: shilingi 560,000, nauli 30,000. Vipande vinne tena. Kileleni imebaki milimita 11, na kwa kuwa unene unaingia kwa mraba wake, uwezo umepanda zaidi ya mara mbili.

Mshazari wa akriliki tuliukata wenyewe: kuba juu ya habu ya gari kuukuu inayozungushwa kwa mkono, ruta (mashine ya mkono ya kuchonga kingo) imefungwa kwenye reli yenye pembe ileile, kisu kipya, nusu milimita kwa kila mzunguko. Ukiharakisha akriliki inayeyuka na kushikamana na kisu. Baada ya hapo msasa wa maji kutoka 220 hadi 1000, kisha tanurini kupumzishwa tena, maana kukata nako kunaacha mvutano.

27 Julai. Pete iliyopinda

Pete ilikerezwa kwa fundi mmoja mwenye mashine kubwa. Tukaichomelea kwenye shingo ya nyambizi, tukapaka vumbi la chaki kwenye mshazari, tukakalisha kuba na kuliinua. Chaki ilihamia kwenye theluthi moja tu ya mzunguko. Kwingine dirisha lilikuwa linaning'inia hewani.

Nilimrudia yule fundi, mzee wa makamo. Hakushangaa. "Mwanangu, ulinipa nikereze kisha ukachomelea. Chomelea kwanza, uniletee kilichopinda, nami nikinyooshe mara moja tu."

Ndivyo ilivyokuwa sahihi. Shingo yenyewe haingii kwenye mashine yake, kwa hiyo tumetengeneza pete ya pili iliyochomelewa flanji yake (ukingo wa kufungia bolti) kwanza, ikakerezwa mwisho, na sasa inafungwa kwenye shingo kwa bolti, chuma kwa chuma, na oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji) katikati. Kosa hilo lilikuwa 90,000 ndani ya 420,000 zilizokwenda kwenye pete zote. Faida yake sikuipanga: dirisha zima linatoka kwa nusu saa kwenda kukaguliwa.

Kati ya akriliki na kikalio kuna mpira mwembamba wa neoprini wa milimita 2 wenye kitambaa ndani. Kwenye kona ya nje kuna oringi iliyopakwa grisi ya silikoni, si ya gari. Pete ya kuzuia inagusa oringi tu, na kuizunguka akriliki kuna nafasi ya milimita 1.5.

20 Agosti. Mwezi mpevu

Uvuvi umefunguliwa, lakini dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa vipe vinapumzika. Tulitoka saa moja usiku, upepo wa kusi umetulia.

Mara ya kwanza, mita 15, maji kikombe kimoja sandukuni. Oringi ilikuwa imejisokota wakati wa kukaza. Tulitoa, tukapaka grisi upya, tukaikalisha kwa kidole kuzunguka yote. Mita 15 tena: kavu. Mita 30 kwa saa sita, tukanywa chai kwenye chupa na mjomba akasimulia jinsi babu yake alivyomweleza meli ya Liemba ilivyotolewa chini ya maji. Kavu. Mita 60 kwa saa moja: kavu, kijiti kimeshuka milimita moja na kidogo.

Usiku uliofuata tulilipandisha na kulishusha mita 15 mara hamsini, kwa zamu, mikono ikachubuka. Chini ya miwani ya polaroidi hakuna rangi mpya, ukingoni hakuna unywele.

18 Septemba. Pacha wa kuvunja

Kuba la pili la milimita 15, lililotengenezwa siku moja na la kwanza, lilitengwa livunjwe. Tulilishusha hadi kamba ikaisha, mita 90, tukaliacha usiku mzima likining'inia kwenye boya. Asubuhi lilikuwa zima na kavu. Halitapanda nyambizi kamwe. Liko karakanani, na kila anayekuja anaruhusiwa kuligonga.

Kina cha kazi kinabaki mita 10. Maji yetu ya juu ni nyuzi 26 hivi, na akriliki inadhoofika kadiri joto linavyopanda, ndiyo maana kanuni zinadai akiba kubwa zaidi kwenye maji ya joto. Anayenakili vipimo vya ziwa la baridi la Ulaya aliangalie hilo.

19 Oktoba. Mita 4

Mimi peke yangu ndani, mdogo wangu juu akiwa na kamba ya kunivutia, wazamiaji wawili pembeni, mahali ambapo chini ni mita 6 na mchanga.

Mkwaruzo mrefu uliokuwa ukinikera nje, karibu katikati ya kuba, ulitoweka maji yalipopanda juu yake. Akriliki na maji vinapinda mwanga kwa kiasi kinachokaribiana zaidi kuliko akriliki na hewa, kwa hiyo maji yanaujaza mkwaruzo na jicho halioni kitu. Kioo bapa kingenionyesha samaki wakubwa kwa theluthi na wa karibu kuliko walivyo. Kuba linawaonyesha wadogo kidogo na wa karibu sana, lakini halikati ukingo wa macho. Ukigeuza kichwa, ziwa linageuka pamoja nawe.

Dume mmoja wa wale wanaojenga vilima vya mchanga alikuwa anajenga chake. Anabeba mchanga mdomoni, anaumwaga ukingoni, anarudi kuchukua mwingine. Alisimama mbele ya dirisha kwa muda, akaona si mpinzani, akaendelea. Nilikaa dakika 22.

Gharama yote ya dirisha, pamoja na makosa: 2,435,000. Ndani yake umeme wa LUKU kwa makuba sita ni 210,000, kamba, mafuta na boya 180,000, na mipira, grisi pamoja na ile miwani 75,000. Anayeanzia kwenye ubao wa milimita 15 wa kumiminwa na pete inayokerezwa mwisho atatumia milioni moja na nusu hivi, na atabaki na vipande viwili vya akiba.

Kanuni zinaliwekea dirisha la akriliki umri wenye kikomo; mimi nimejiwekea miaka 10 au mizunguko 10,000 (kila kushuka na kupanda ni mzunguko mmoja), lolote litakalotangulia. Kwenye pete ya kuzuia nimepiga muhuri wa nyundo: JULAI 2024, JULAI 2034. Daftari la mizunguko linaning'inia kwenye msumari karibu na kabati. Safari za usiku ule wa Agosti zote zimeandikwa, na mstari wa 19 Oktoba una jina langu na mita 4.